Nani Atajaza Maji?

Mwishoni mwa Oktoba na kuingia Novemba, mabasi ya mikoani yanayofika Mbezi Luis hushusha abiria wa aina moja wengi kuliko kawaida: vijana wenye begi jipya, godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, na bahasha ya kaki ambayo hawaiachii hata wakisimama kununua maji. Ndani ya bahasha mna cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha sita, fomu iliyojazwa na daktari, picha za pasipoti na risiti ya bima ya afya ya Sh. 50,400. Mna pia barua ya kujiunga na chuo, na barua hiyo imepanga kila kitu: siku ya kuripoti, siku ya kusajiliwa, siku ya kugawiwa vyumba, wiki nzima ya kuonyeshwa maktaba ilipo na zahanati ilipo. Ukiisoma ukiwa nyumbani Kasulu au Newala, unaona njia imenyooka mpaka mlangoni mwa darasa.

Mimi ni mzazi mjumbe wa kamati ya shule ya msingi iliyo bondeni, mwendo wa miguu kutoka chuo kimoja kikubwa cha Dar es Salaam. Kwa ujirani huo tunakutana na vijana hawa mapema sana, hata kabla hawajazijua njia za mkato za chuo chao. Wanakuja kujitolea. Miongoni mwao alikuwepo binti mmoja kutoka Kigoma, na mambo yaliyompata na aliyoyafanya ndiyo yaliyonisukuma kuandika.

Alifika chuoni jina lake likiwa kwenye orodha ya waliodahiliwa, lakini kwenye orodha ya vyumba hakuwemo. Majina ya waliopangiwa mikopo hutolewa kwa awamu, na awamu ya kwanza ikampita. Akaambiwa asubiri. Huku akisubiri, dirisha la usajili likamtaka alipe sehemu ya ada kwa kontroo namba aliyopewa. Bila malipo hasajiliwi, bila usajili hata mkopo ukitoka hawezi kuusaini, na fedha ya kulipia ilikuwa ndiyo huo mkopo wenyewe. Baba yake alikwisha kuuza mahindi ya msimu ule kwa ajili ya nauli na godoro.

Hakuna aliyemfanyia hila. Kila dirisha lilifanya kazi yake kama ilivyoandikwa. Ila waliopanga walimpangia mwanafunzi ambaye siku ya kwanza ana fedha mkononi, na yeye hakuwa huyo. Aliyemvusha hatajwi kwenye barua yoyote: dada wa mwaka wa tatu, mtu wa wilaya yao, aliyekubali kubebana naye kitanda kimoja mpaka bumu, yaani fedha ya mkopo, litoke. Ndiye aliyemwambia ofisi ipi hufunguliwa saa ngapi kweli, na mama lishe yupi nje ya geti hukopesha wali maharage kwa wanaotoka mbali. Awamu ya pili ikatoka, jina likaonekana, akasajiliwa, akaanza kusaka madesa kama wenzake.

Wiki hizo za mwanzo ni somo kamili la utekelezaji wa miradi, na mwanafunzi hulisoma akiwa upande wa kupokea. Anajua jinsi mtu anavyojisikia anapopangiwa na watu wasiomjua. Anajua kwamba mpango ulio sahihi kwenye karatasi unaweza kumwacha mtu amesimama juani na bahasha yake. Anajua pia kwamba penye pengo huzibwa na mtu aliyeko pale, anayeendelea kuwepo, ambaye hakuna aliyemwandika. Kinachoniuma ni jinsi somo hilo linavyosahaulika Jumamosi ya kwanza ya kujitolea.

Mwaka ule klabu yao ya kujitolea ilituletea vibuyu chirizi. Tarehe 15 Oktoba ni Siku ya Kunawa Mikono Duniani, na vijana wengi huja chuoni wakiwa bado na mabango ya siku hiyo kichwani, kwa hiyo wazo lenyewe lilikuwa zuri na la wakati wake. Kwa ambaye hajawahi kukiona, kibuyu chirizi ni kitu cha akili sana. Unasimika miti miwili yenye panda, unalaza fito juu yake, unaning'iniza dumu la lita 5 lililotobolewa kwa msumari wa moto karibu na mdomo. Kamba inashuka kutoka kwenye dumu hadi kwenye kijiti kilicho chini. Mtoto anakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika mikononi, na mkono mchafu haugusi kitu. Pembeni inaning'inia sabuni ya kipande iliyotobolewa katikati. Walisimika kumi, mstari mmoja, kutoka vyoo vya wasichana hadi karibu na mlingoti wa bendera.

Watoto walifurahi kweli, nami nilifurahi. Binti yetu wa Kigoma alikaa muda mrefu na darasa la pili akiwaonyesha kusugua katikati ya vidole, akiwaimbisha wimbo alioutunga hapohapo. Mwalimu mkuu alitoa shukrani, bango likanyooshwa, picha zikapigwa. Nililiona jambo moja nikalihifadhi moyoni: sehemu kubwa ya mchango waliochangishana ilikwenda kwenye fulana zenye nembo. Sabuni waliyokuja nayo ilikuwa katoni moja.

Shule ilipofunguliwa Januari, miti ilikuwa imesimama, yote ishirini, na fito zake. Madumu yalibaki matatu.

Sitaki mtu aseme watoto wameiba. Dumu la lita 5 lina kazi nyumbani. Maji yakikatika mtaani ndilo ambalo mtoto hutumwa nalo, na ndilo analobeba asubuhi shule inapowaagiza wanafunzi waje na maji ya vyooni. Dumu linaloning'inia likizo nzima bila mwenyewe litapata mwenyewe. Sabuni haikungoja hata likizo. Vuli ilikuwa inanyesha, na sabuni ya kipande ikinyeshewa usiku kucha asubuhi unakuta uji chini ya kamba. Kamba zenyewe zilikuwa za katani, zikaoza pale zinapokutana na kijiti. Lakini kabla ya yote hayo, kilichokuwa kimekwisha ni maji. Dumu la lita 5 kwenye shule yenye watoto zaidi ya elfu moja huisha kabla foleni ya mapumziko haijafika katikati. Mtu inabidi asimame pale, ajaze, ajaze tena. Mtu huyo hakuwahi kutajwa siku ile ya bango.

Ungemuuliza mwalimu wa afya angekwambia kwa nini mtu huyo hakupatikana. Mwezi wa Novemba ndio mwezi mbaya kuliko yote kumletea mwalimu wa shule ya msingi jambo jipya. Darasa la saba wameshafanya mtihani wao Septemba na kuondoka, na hao ndio waliokuwa viranja wenye sauti. Upimaji wa darasa la nne unaangukia karibu na hapo, mitihani ya kufunga mwaka inatungwa, ripoti zinajazwa, na mwanzoni mwa Desemba shule inafungwa. Chuo nacho kina majira yake. Mwanafunzi anaanza muhula Novemba akiahidi kuja kila Jumamosi, anarudi kutoka likizo fupi ya Krismasi akikuta majaribio, kisha Februari inaingia na hofu ya mitihani ya muhula. Wa mwaka wa kwanza ndiye mwenye hofu kubwa zaidi, maana ameshasikia habari za sapu na za waliodisko. Ukizipanga kalenda mbili hizi juu ya meza, wiki ambazo kijana ana nafasi na shule nayo ina nafasi ni chache mno. Sijawahi kuona andiko la mradi wa kujitolea lililoziweka kalenda hizo mbili pamoja.

Na fedha je? Tangu Januari 2016, elimumsingi ilipoanza kutolewa bila malipo, ruzuku ilikadiriwa kuwa Sh. 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na katika hizo Sh. 4,000 ni za vitabu ambavyo hununuliwa kwa pamoja. Inayobaki kwa shule ni Sh. 6,000 kwa mwaka, yaani Sh. 500 kwa mtoto kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati wa dawati lililovunjika, bili ya maji na vingine vingi. Mwalimu mkuu anayepokea katoni ya sabuni kwa furaha anapokea pia, bila kuambiwa, jukumu la kununua katoni ya pili. Akishindwa, lawama ni zake: mradi ulikuwepo, uongozi wa shule ukauua. Nimesikia maneno hayo yakisemwa na watu wazima wenye elimu, nami nayakataa kabisa.

Mtu asidhani hili ni la vijana wa klabu tu. Nchi nzima imepita njia hii kwa vipimo vikubwa. Mwaka 1971 Serikali ilianza programu ya miaka 20 ya maji vijijini, lengo likiwa kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka anapoishi. Visima vilichimbwa, pampu zikafungwa, sherehe zikafanyika. Mwaka 1991 ulipofika, watu wengi vijijini walikuwa bado wanatembea na ndoo kichwani, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa palepale kwenye pampu: dizeli imekwisha, kipuri kimekatika, fundi yuko mkoani, na kijiji kinaamini pampu ni mali ya Serikali. Sera ya Maji ya 2002 ikasema wananchi wamiliki miradi na wachangie uendeshaji. Sheria ya 2019 ikaunda wakala wa maji vijijini, RUWASA, na kuweka vyombo vya jamii vya kutoa huduma ya maji. Ilichukua takribani nusu karne kuandika kwenye sheria jibu la swali ambalo mama yeyote mwenye ndoo angeliuliza siku ya kwanza.

Mfano wa karibu zaidi sote tunaukumbuka. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na zilipofunguliwa tena mwishoni mwa Juni, kila mlango ulikuwa na ndoo ya koki. Benki, kanisa, msikiti, genge la nyanya, shule. Nani leo anaweza kuonyesha ndoo hizo zilipo? Ile koki ya plastiki ina mpira mdogo wa kuzuia maji, kipande cha duara kisichozidi sarafu. Mpira ukikakamaa, ndoo inadondosha matone mchana kutwa, sakafu inakuwa tope, mtu anaisogeza uani ili watu wasiteleze. Kutoka hapo haitoki tena. Ndoo nzima hufa kwa kukosa kampira, na hakuna duka la jirani linalouza kampira peke yake.

Kwa upande mwingine, ipo kazi moja ya zamani ninayopenda kuwasimulia vijana hawa, kwa sababu ilifanywa na nchi maskini na ikafanikiwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa redio kwa wiki 12. Watu takribani milioni 2 walikusanyika kwenye vikundi vya kusikiliza na kujadili, wakiongozwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliofundishwa kwa kazi hiyo. Sauti ilitoka Dar es Salaam, lakini kiongozi wa kikundi alikuwa mtu wa hapohapo kijijini, atakayekuwepo redio ikinyamaza. Baada ya kusikiliza, kikundi kilitakiwa kuamua chenyewe kitafanya nini: kufyeka nyasi, kufukia madimbwi, kuchimba choo. Choo kilichimbwa na atakayekitumia, kwa jembe lake, kwenye uwanja wake. Hapakuwa na kitu cha kukabidhi, kwa hiyo hapakuwa na siku ambayo kitu kingekosa mwenyewe.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1974, Azimio la Musoma likataka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, na waliofanya nao kazi waseme kama wanafaa. Utaratibu ule ulikuwa na matatizo yake, uliwachelewesha wengi, na baadaye ukaachwa. Siwezi kutetea kila kitu ndani yake. Ila mantiki yake ya mpangilio ninaikubali: kaa kwanza na watu, ndipo usomee namna ya kuwatumikia. Na wala usiseme vijana wa zamani walikuwa na moyo kuliko wa leo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakarudishwa makwao. Hawa wanaoteremka bondeni kwetu siku hizi hawasukumwi na sheria yoyote. Wanakuja wenyewe, wengine bumu halijatoka, wametembea kwa miguu kwa kukosa nauli ya daladala. Moyo upo tele. Moyo huo huja bila mtu wa kuushika mkono na kuuonyesha mahali pa kutua, na hilo ni jukumu letu sisi wenyeji pia, kamati ya shule tukiwemo.

Nilisema madumu yalibaki matatu. Mawili yalikuwa makavu, yamepasuka kwa jua. La tatu lilikuwa linafanya kazi, nalo halikuwa tena kwenye mti wake. Mama mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga na kachumbari karibu na geti alilihamishia kwenye nguzo ya kibanda chake. Kila alfajiri huchota maji ya kuoshea mihogo, na akishamaliza hujaza lile dumu. Mtoto asiyenawa hauziwi. Hakufundishwa na klabu, wala jina lake halimo kwenye ripoti yoyote ya mradi. Ana sababu yake: mwaka fulani watoto waliumwa matumbo, mihogo yake ikasingiziwa, akakaa muda mrefu bila kuuza. Sabuni yake ni ya unga. Huikoroga na maji kwenye chupa ya plastiki yenye tundu kifunikoni, na pakiti ndogo moja humtosha siku nyingi, maana mtoto akibinya linatoka tone, hawezi kuondoka nayo mkononi wala kuiacha mvuani.

Binti wa Kigoma sasa yuko mwaka wa pili na klabu imemkabidhi kupanga shughuli za wageni wapya. Alishuka bondeni siku ya kazi, bila fulana, bila wenzake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Leo mbona peke yako?”

“Nimekuja kukuuliza kwanza, kabla hatujanunua chochote.”

Mama akamkaribisha kwenye kigoda, akaendelea kukaanga. Binti akamwambia wanafikiri kuleta sehemu nyingine za kunawia, je, nani anaweza kuzijaza maji? Mama hakuzunguka. “Mimi dumu moja zaidi si mzigo, nachota kila siku. Mawili sitaki. Vyooni siendi, huko waambie viranja. Na hivyo vitu vyenu vikivunjika msinitafute mimi, nitafutieni fundi kabisa.”

Kutoka hapo alikwenda kwa mwalimu wa afya, akasubiri mpaka vipindi viishe. Mwalimu naye akamwambia kitu ambacho hakuna klabu iliyowahi kukiuliza. Kwa mujibu wa viwango shule yetu haina vyoo vya kutosha. Mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na sisi tuko mbali na hapo. Kwa hiyo foleni ya chooni yenyewe inamaliza mapumziko, na mtoto akitoka kengele imelia. Unaweza kuweka maji ya waridi pale, hatasimama. Kama mnataka wanawe, alisema, msiweke pa kunawia ng'ambo ya uwanja kwa sababu pamependeza kwenye picha. Wekeni ukutani pa choo, njiani anapopita kukimbilia darasani, bomba lenye matundu mengi ili wanawe wengi kwa mara moja.

Andiko la klabu lilikuwa limeshachapwa likiwa na vibuyu chirizi kumi na vitano. Binti alirudi nalo kwa wenzake akalibadilisha. Nimeliona jipya. Lina sehemu mbili tu za kunawia: moja kwa mama wa mihogo, nyingine ni bomba la chuma lililolazwa ukutani mwa vyoo, lenye matundu, likiunganishwa na bomba la uani ambalo tayari lipo. Fulana zimeondolewa. Kuna kifungu cha kuwafundisha viranja wa darasa la tano kukoroga sabuni, darasa la tano kwa sababu bado wana muda mbele yao hapa shuleni. Utekelezaji umeandikwa kuanza wiki ya tatu ya Januari, walimu wakiwa wamemaliza kuandikisha darasa la kwanza na chuo kikiwa bado hakijaingia kwenye mitihani.

Lipo moja ambalo hatujalimaliza. Bomba lenye matundu mengi linakula maji, na bili itapanda. Mwalimu mkuu amesema wazi kwamba ruzuku haitabeba ongezeko hilo, na michango ya wazazi ina taratibu zake ambazo hatuwezi kuziruka. Mjumbe mmoja amependekeza tuvune maji ya mvua kwenye paa la madarasa mapya ili vuli na masika bomba lipumzike. Mwingine anasema tanki ni gharama na gata za upande ule zimekatika. Fundi bomba ameshapima, karatasi yake ya makadirio iko kwa mwenyekiti wa kamati. Tumeliweka kama ajenda ya kwanza kwenye mkutano wa wazazi shule itakapofunguliwa, na tumewaomba vijana wa mwaka wa kwanza waje wakae nyuma, wasikilize.